Bahari si maji tu, unachora nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Chang'ombe hapa Dodoma. Mdogo wangu anasoma chuo mambo ya ramani za kompyuta, karudi likizo anasema projekti yake ni kuchora ramani ya historia ya bahari. Nikacheka sana, nikamwambia bahari ni maji tu, utachora nini pale, kanuna mpaka leo. Nani kakosea?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Umekosea wewe, mnunulie zabibu yaishe.

Hiyo kazi ipo kweli. Uingereza walianzia nchi kavu, kule Cornwall mwaka 1994, wakaacha ule mtindo wa kuweka vidoti kwenye magofu na kuacha kwingine kote kweupe, wao wakapaka rangi kila kipande kufuatana na watu walivyokitumia na wanavyokitumia sasa. Baadaye wakaingia na baharini, na huko ndo patamu maana bahari ina ghorofa: juu pa maji, katikati, sakafuni, na chini ya sakafu yenyewe. Kila ghorofa na matumizi yake, na kila kipande kinaandikwa zamani kilikuwa nini. Bahari yao ya Kaskazini kuna sehemu ilikuwa nchi kavu, watu wakiwinda humo, maji yakaja kuifunika.

Sasa lete kwetu. Chukua Kilwa. Ukisimama Kilwa Masoko ukatazama Kisiwani unaona mashua na ngalawa, rangi ya uvuvi na usafiri, kwisha. Ila maji hayohayo ndo yalipitisha majahazi ya dhahabu ya Sofala kule Msumbiji, yanakuja na upepo wa kaskazi yanarudi na wa kusi, na magofu ya Kisiwani yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Ukiweka kidoti kwenye gofu la msikiti tu, njia nzima ya majahazi umeitupa. Sogea kaskazini kidogo, kisiwa cha Songo Songo, unakuta bomba la gesi linalokwenda Dar tangu 2004, hapohapo wavuvi wanashusha dema, mitego yao ya samaki. Na usiseme sisi wa bara hayatuhusu, gesi ile inafua umeme wa gridi, na intaneti ya simu yako nayo inapita kwenye nyaya zilizolala chini ya bahari. Hata meno ya tembo ya zamani yalikatiza hapa Ugogo kwenda Bagamoyo kupanda jahazi.

Kinachonisumbua mimi ni majina. Ramani za meli zimejaa namba za kina, lakini mvuvi mzee ana jina la kila fungu la mchanga na kila mwamba, na halijui kwa namba, anakwambia mnazi ule ukikaa sawasawa na mnara wa msikiti, tupa nanga. Mnazi ukikatwa je? Basi mdogo wako asikae na laptop tu, aende na daftari, aulize watu wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi, kila mahali wanapaitaje, na kama hana uhakika na kitu aandike hivyohivyo kwenye ramani, wenzetu ndo wanavyofanya.

Nauli ya Kilwa ikigoma apande basi la Iringa ashukie Mtera akajaribie pale. Juu kuna mitumbwi na perege, chini kuna bonde ambako mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo ilikuwa inakutana kabla ya bwawa, na wazee wanaolikumbuka bonde lile likiwa kavu bado wapo.