Jibu: Umeme wa mto kijijini Njombe bila kuwakausha wa chini

Habari ndugu. Umeuliza kama mtambo mdogo utawaachia maji wanaoishi chini ya mto. Kwanza pimeni maji ya mto Oktoba, kiangazi kikiwa mwishoni. Wengi hupima masika, halafu kiangazi mfereji unameza yote, na kati ya banio (kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini) na mtambo yanabaki mawe matupu, samaki wamekwisha. Sisi tuliacha tundu la kudumu chini ya banio, lisilo na lango, ili asiwepo wa kulifunga usiku.

Makisio: lita kwa sekunde mara mita za mwanguko (kimo ambacho maji yanashuka hadi mtamboni) mara 5 ni wati. Lita 20 zikianguka mita 30 ni kilowati 3. Hesabuni baada ya kutoa maji ya kuachiwa mto wenyewe!

Kibali ombeni Bodi ya Maji ya Bonde lenu. Ukubwa wa mtambo sitautaja kabla ya vipimo vya Oktoba. Ukivipata vilete hapa.