Kamshafti isiyojulikana: pima kwanza, jina litafute baadaye

Vijana mnaoanza kazi ya pikipiki za zamani za Uingereza, siku moja ataingia mteja na Triumph Bonneville iliyopita mikono minne au mitano. Atawaambia, "Nimeambiwa imefungwa kamshafti ya mbio." Ni ya mtengenezaji gani, hiyo shafti yenye nundu zinazosukuma valvu zifunguke? Hajui. Mtafungua injini, mtaikuta shafti ina namba imegongwa kwenye ncha, na moyo utawaambia jibu limepatikana. Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili karakanani, hapa Birmingham. Nilisoma namba, nikaona ni ya kiwandani, nikafunga kwa vipimo vya kitabu. Pikipiki iliwaka vizuri. Siku ya tatu mteja alifungulia mafuta barabarani, valvu ya kuingiza ikagongana na ya kutoa, zote mbili zikapinda. Namba ile haikuwa ya uongo. Shafti ilitoka Meriden kweli, kiwandani kwa Triumph, ila mtu alishazisaga nundu zake upya na kuiacha namba palepale.

Kwa hiyo shikeni hili: namba inaeleza chuma kilitoka wapi, haielezi nundu ina umbo gani leo. Anayesaga upya hula chuma cha mgongo wa nundu, yaani upande wa mviringo usiosukuma valvu, na mgongo ukishuka, mnyanyuko (kimo ambacho nundu huinua) unaongezeka ingawa kilele hakijaguswa. Ndiyo maana shafti ya namna hii hukufanya uzungushe skrubu za tapeti, zile za kurekebisha uwazi wa valvu, mpaka karibu ziishe, maana pushirodi, vijiti vinavyopeleka msukumo wa nundu juu, sasa hazifiki. Ukiona mstari wa rangi tofauti ubavuni mwa nundu, huenda ikawa imejazwa chuma kigumu kwa kuchomelea kabla ya kusagwa.

Venia kalipa itakupa picha ya kwanza: urefu wa nundu mpaka kilele, toa kipenyo cha mgongo. Lakini usiiamini kwa kamshafti ya mbio. Nundu zake ni pana, na taya za kalipa zinaweza kushika ubavu badala ya mgongo, ukapata mnyanyuko mdogo kuliko wa kweli.

Kipimo cha kuaminika kinachukuliwa ndani ya injini, kwa tapeti zilezile zitakazotumika, yaani vipande vinavyokaa juu ya nundu na kusukumwa nayo. Triumph ilitengeneza tapeti zenye uso wa mviringo, nusu kipenyo cha inchi 3/4 na nyingine inchi 1 1/8. Badilisha tapeti, na kamshafti ileile itafungua valvu kwa nyakati nyingine. Nimeona watu wazima wakibishana saa nzima juu ya shafti mbili zilizokuwa sawasawa.

Funga sahani ya digrii (duara lenye alama za digrii 360) kwenye krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Usikisie pistoni iko juu lini, kwa sababu pale kileleni inakaa karibu bila kusogea huku sahani inaendelea kuzunguka. Weka kizuizi kwenye tundu la plagi, zungusha taratibu mpaka pistoni iguse, andika. Rudisha upande wa pili mpaka iguse tena, andika. Katikati ya namba hizo mbili ndipo juu kabisa. Toa kizuizi, weka daili geji (saa ya kupimia msogeo), kisha soma mnyanyuko kila baada ya digrii 5, ukizungusha upande mmoja tu. Ukipitiliza, rudi nyuma mbali halafu uje upya, la sivyo ulegevu wa gia utaingia kwenye hesabu yako.

Mfano. Kitabu cha Bonneville ya 650 ya miaka ya sitini kinatoa hivi, tapeti zikiwa na nafasi (uwazi) ya inchi 0.020 kwa ajili ya kupimia tu: valvu ya kuingiza inafunguka digrii 34 kabla ya juu, inafunga 55 baada ya chini. Jumlisha 34, 180 na 55, unapata 269. Nusu yake ni 134.5; toa 34, kilele cha nundu kipo digrii 100.5 baada ya juu. Shafti ya mwisho niliyoletewa ilisoma 41 na 71. Muda wote 292, kilele digrii 105. Hiyo si ya kiwandani, hata namba ingesema nini.

Mkitafuta mwenzake kwenye orodha za wasagaji, angalieni kwanza wamepima kwa nafasi gani. Wamarekani wengi hutoa namba zao valvu au tapeti ikishanyanyuka inchi 0.050. Ukizilinganisha na namba za inchi 0.020 hutapata jina hata siku moja.

Chora vipimo vyako kwenye karatasi ya miraba. Mwanzoni mwa mnyanyuko utaona kama kuna mteremko wa polepole. Nafasi ya tapeti ya kuendeshea lazima iishie ndani ya mteremko huo, vinginevyo nundu itapiga tapeti kama nyundo. Kwa shafti isiyo na kitabu, mchoro huu ndio kitabu.

Kabla ya kuwasha, bandika plastisini (udongo laini wa kuchezea) juu ya pistoni, funga kichwa, zungusha kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata, pima unene wake pale valvu ilipobonyeza. Mimi siwashi ikiwa chini ya milimita 2. Kwenye Triumph valvu zinatazamana kwa pembe pana, kwa hiyo pima pia nafasi kati ya valvu na valvu wakati zote mbili ziko wazi. Angalia vilevile springi zisibanane pindi zote.

Gia za kamshafti za Triumph zina mifereji mitatu ya funguo, na kuhamisha mfereji husogeza nyakati kidogo bila kusaga chochote. Ile shafti ya 41 na 71 niliisogeza hivyo, nafasi ya valvu ikaongezeka ikatosha. Mteja alipokuja kuchukua pikipiki yake nilimpa nakala ya mchoro, akaiweka kwenye bahasha pamoja na hati za pikipiki.