Namba hiyo aione na abiria

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama yale mabango ya kuonyesha mwendo wa magari, ambayo miji midogo ya Uingereza huyaweka barabara moja kwa wiki chache kisha kuyahamishia nyingine, yangewafanya madereva wa Moshi wapunguze mwendo. Mimi nauliza: ukiacha dereva, nani mwingine ataiona hiyo namba?

Msimamo wangu kwanza: sitaki. Bango lile ni rada na taa tu, faini haliandiki. Linamwambia mtu "unakwenda 67" halafu linamwachia aone haya. Dereva wa Hiace na haya wapi na wapi? Huku tunaogopa trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo, na hata tochi dawa yake inajulikana: gari linalokuja likikuwashia taa mara mbili, unakuwa mtakatifu mpaka umpite afande. Kinachotuweza sisi ni tuta.

Ila kuna mzee mmoja simsahau. Ilikuwa Hiace ya jioni kutoka Bomang'ombe kuja mjini, imejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni. Mzee kakaa mbele, kofia kichwani, na kwa alivyoongea nadhani alikuwa mwalimu mstaafu. Mama mmoja nyuma, ndoo ya maparachichi mapajani, akasema, "Dereva, baba, punguza, tuna watoto humu." Dereva akajibu, "Niko hamsini, mama." Mzee akachungulia dashibodi. Mshale umelala kwenye sifuri, umekufa siku nyingi.

"Hamsini umeisoma wapi?"

"Nasikia kwa injini, mzee wangu."

Gari zima likacheka. Mzee hakucheka. Akavuta mkono wa shati, akakodolea saa yake. Tulipopita nguzo ya kilomita pembeni ya barabara akasema, "Haya." Tulipofika ya pili: "Sekunde 38." Kisha akatugeukia kama tuko darasani: "3,600 gawanya kwa 38?" Kijana mmoja akatoa simu, akapiga hesabu: kilomita 94 na ushee kwa saa. Gari la abiria mwisho wake ni 80, na penye makazi 50.

Yule mama aliyekuwa anaomba kwa upole akawa anapiga kelele, "Tisini na nne! Tisini na nne na watoto wetu!" Konda akajaribu kuleta habari za Simba na Yanga, akanyamazishwa. Dada mmoja dirishani akasema jamani tunachelewa, mzee kama anaogopa akapande bajaji. Wengine wakamuunga mkono, na lazima niseme, hawakuwa wachache. Lakini mguu wa dereva ulishalegea. Nguzo iliyofuata sekunde 52, nyingine 60, na kila mara mzee anatangaza na kijana anagawanya. Mzee alishuka Maili Sita. Kutoka hapo mpaka stendi tulipaa.

Kwa hiyo bango ni yule mzee, na ugonjwa wao ni mmoja. Likiondoka, mwendo unarudi. Likikaa sana, macho yanalizoea, ndiyo maana wenzetu wanalihamisha. Lakini tochi namba yake anaisoma afande peke yake, wakati hii ingesomwa na mama wa maparachichi, na mama akishakuwa na namba hajibiwi tena habari za injini.

Basi leteni, lakini lisimamishwe mahali ambapo hata aliyekaa kiti cha nyuma analiona. Lisionyeshe namba kubwa kupita kiasi, maana vijana wa bodaboda watashindana nani kaliwasha zaidi. Mabango mengi ya aina hiyo yanaweza kupangwa yazime namba mwendo ukivuka kiwango fulani. Betri na sola zifungwe juu kabisa, vinginevyo zitalala kwa mtu wiki ya kwanza. Na trafiki asijifiche nyuma yake, kwa sababu siku akijificha tutaanza kuwashiana taa kwa ajili ya bango.

Lianzie barabara ya hospitali ya KCMC, wagonjwa wanapovuka, kisha liende Kiborloni penye mitumba. Matuta yaliyopo karibu na shule yasiguswe.