Maswali na Majibu: Gereji ya baiskeli ya mtaa na pesa za halmashauri

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni vijana watano hapa Shinyanga mjini, tunatengeneza baiskeli chini ya mwarobaini, wateja wetu wengi ni vijana wa daladala (hizi zetu za baiskeli) na wanafunzi. Tunataka kufungua gereji ya jamii, yani asiye na hela apewe spana atengeneze mwenyewe, watoto wa shule wafundishwe kuziba pancha, na watu wenye ulemavu watengenezewe baiskeli zao bure. Tumesikia halmashauri inatoa hela ya asilimia kumi. Tunaipataje na itatosha kweli? — Kijana wa Ngokolo, Shinyanga

JIBU: Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kweli imenifurahisha, maana mji kama Shinyanga ambao watu wanaishi juu ya baiskeli unaihitaji hiyo gereji kuliko vitu vingi tunavyozinduliwa kila siku kwa utepe.

Ila tuanze na hilo neno hela. Watu wanasema "hela ya asilimia kumi" utadhani inagawiwa, ile ni mkopo, hauna riba lakini ni mkopo na unarudi wote. Kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yani ushuru, leseni na tozo inazokusanya yenyewe na siyo ruzuku ya serikali kuu, kisha 4 zinaenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Zamani halmashauri ikijisikia inatenga isipojisikia basi, mpaka mwaka 2018 jambo lenyewe likaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima kwa sababu hela nyingi zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, ikarudishwa 2024 na utaratibu umekazwa. Kwa hiyo afisa akiwauliza maswali hamsini msimchukie, anawalipia nyie makosa ya waliotangulia.

Njia yenyewe ni hii: mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, kiwe na akaunti ya benki ya kikundi na siyo ya mwenyekiti, halafu muwe na biashara ambayo mnaweza kuieleza kwa hesabu. Watano mnatosha kuwa kikundi. Maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni na kamati ya kata inayapitia kabla hayajafika halmashauri, kwa hiyo mtu akikwambia mpe kitu kidogo akusogezee faili, mkatae, faili lako lipo kwenye mfumo.

Sasa niwaambie kitu ambacho kinaniuma kila nikikikumbuka. Tuseme mmepewa milioni 10 mrudishe kwa miezi 24, hiyo ni kama shilingi 417,000 kwa mwezi, ukigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 16,000 kila siku. Kama pancha mnaziba kwa buku, yani shilingi elfu moja, basi ni pancha 16 kila siku ya Mungu kabla hamjala, hamjalipa kodi ya fremu ya duka, hamjanunua solushen ya kubandikia. Mkisema nusu ya kazi ni bure kwa ajili ya jamii basi mkopo umekufa mwezi wa tatu. Mkopo ukope kwa ajili ya duka: spoki, golori, kotapini, chubu, cheni, vitu vinavyotoka kila siku. Ile ya jamii msiiombee mkopo kabisa, iombeeni sehemu.

Ndio, sehemu. Hapa ndipo watu wengi hawaoni. Halmashauri ina maeneo, ina fremu sokoni na stendi, ina pembe za viwanja zimekaa tu zinaota majani. Nendeni mkutano wa mtaa mkalisemee, diwani awepo asikie, kisha andikeni barua ya kuomba eneo mkieleza mtafundisha watoto wa shule fulani siku fulani. Mkipata mahali pasipo na kodi mmeshapata ruzuku ambayo hakuna mtu atakuja kuwadai, na ile kodi ambayo mngelipa ndio inayowapa nafasi ya kumtengenezea mtu bure. Ila wahini, bajeti ya mwaka unaoanza Julai inapangwa miezi mingi nyuma, mkienda mwezi wa tano mmekuta meza imeshapanguswa.

Kuhusu baiskeli za watu wenye ulemavu usiziweke kwenye fungu la "bure" haraka hivyo. Umeshawahi kuishika ile ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mkono? Cheni inatoka juu pale kwenye mikono inashuka mpaka gurudumu, ndefu kweli, ikilegea kidogo tu inaruka na mwenyewe anabaki katikati ya barabara hawezi kushuka akairudishe. Mafundi wengi hawataki kuigusa. Mkijua hiyo kazi mna soko ambalo hamna wa kushindana nae, na watumiaji wenyewe wanaweza kuunda kikundi chao wakaomba kwenye ile asilimia 2, wakawa wabia wenu badala ya kuwa watu wa kusaidiwa. Waulizeni kwanza wanataka nini.

La mwisho kwako, msinunue mzigo wa baiskeli za mtumba kwa hela ya mkopo. Kuna kikundi nilikifuatilia kwa karibu, vijana wazuri sana wachapakazi, walichukua baiskeli za nje zinang'aa hizo, baada ya miezi minne zimejaa ukutani hazina matairi. Sisi baiskeli zetu za Phoenix zinavaa tairi ya inchi 28 kwa 1½, zile za nje nyingi zinavaa saizi nyingine inaitwa 700C, na tairi yake nayo mara nyingi imeandikwa 28! Unaiona 28 na 28 unalipia, ukifika gereji haikai, kipenyo cha rimu kimepishana milimita 13. Wawili kati ya wale vijana sasa hivi wanaendesha bodaboda za watu, ujuzi wote ule. Hebu anzeni na baiskeli iliyopo mtaani kwenu.

SWALI: Mimi nina miaka 58, fundi baiskeli tangu enzi za baiskeli za Swala. Nimefundisha vijana wengi, leo wao wanakopeshwa na halmashauri mimi naambiwa siyo kijana, siyo mwanamke, sina ulemavu. Je, fundi mzee hana haki yoyote kwa halmashauri yake? — Fundi, Tabora

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo linanisumbua na mimi muda mrefu, maana ukipita kwenye miji yetu anayejua kunyoosha rimu kwa macho, anaizungusha tu mbele ya pua anagonga spoki moja inakaa sawa, mara nyingi ni mzee wa umri wako, na ndiye hasa aliyeachwa nje ya mkopo. Naona ni kosa na wanaotunga kanuni walitakiwa waliangalie.

Lakini mlango upo, tena watu wengi hawaujui. Sheria ya manunuzi ya umma inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yake kwa ajili ya makundi maalumu, na makundi hayo ni wanawake, vijana, watu wenye ulemavu NA WAZEE. Kwa hiyo wewe na wenzako mkijiunga mkawa kikundi cha wazee mkasajiliwa, mnaweza kupata kazi za halmashauri. Wahudumu wa afya wa vijijini wapo wanaotumia baiskeli, idara nyingine nazo zina baiskeli zimesimama stoo kwa sababu ya beringi tu. Zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mwambie kijana mmoja uliyemfundisha awasaidie kujisajili, hilo deni lake kwako ni dogo sana. Na afisa maendeleo ya jamii ni huyo huyo, muanzie kwake.

Pili, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nao wana mikopo kwa wenye viwanda vidogo na kazi za ufundi, ofisi zao zipo mikoani. Na VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini wakampa cheti bila kukaa darasani. Najua utasema cheti cha nini mimi miaka 58, ni kwa ajili ya ile gereji ya vijana baba, wakiandika kwenye maombi yao kwamba mwalimu wetu ana cheti karatasi yao inasikika, na wewe wakulipe kama mwalimu, kila wiki, waliandike kabisa kwenye katiba ya kikundi.

SWALI: Huku Busia MCA, mwakilishi wetu wa wadi kwenye bunge la kaunti, ametuahidi mara mbili kutujengea jua kali (banda la mafundi) ya baiskeli, hakuna kitu. Tufanyeje? — Msomaji, Busia, Kenya

JIBU: Ndugu yangu, huko kwenu ndiko bodaboda ilikozaliwa, baiskeli za kuvusha watu mpakani, kwa hiyo inauma zaidi. Ahadi ya MCA siyo bajeti. Kaunti haiwezi kutumia shilingi ambayo haipo kwenye mpango, na mpango wa mwaka unaofuata lazima upelekwe bunge la kaunti isizidi Septemba mosi. Kwa hiyo nendeni kwenye vikao vya wananchi vya wadi mapema, mwezi wa saba au wa nane, mkiwa na ukurasa mmoja wa maandishi: plot namba fulani, watu kadhaa, vifaa hivi, bei hii, mpige kopi mbili na moja igongwe muhuri mbaki nayo. Mwezi wa nne bajeti ikifika bungeni nendeni tena mkaitafute laini ya kazi yenu humo kwenye bajeti. Kama haimo, mnayo karatasi yenye muhuri ya kumuulizia MCA mbele ya watu.