Kila kiumbe kinamsabihi Mola: mwanadamu ameumbiwa lipi zaidi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mvuvi. Darasani tumesomeshwa kwamba samaki, miti na mawe vyote vinamsabihi Mwenyezi Mungu. Sasa mwanadamu ameumbiwa lipi ambalo hao wengine hawalifanyi? Na kama bahari imetumikishwa kwa ajili yetu, wanaovua kwa baruti na kokoro (wavu wa kukokota) wana kosa gani kidini, maana samaki ni halali hata akifa mwenyewe?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ulilosomeshwa ni sahihi. Suratul Israa, aya ya 44, inasema hakuna kitu chochote ila kinamtakasa Mola kwa kumhimidi, ila nyinyi hamfahamu kutakasa kwao. Na Bukhari na Muslim wamepokea habari ya nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu akaamuru kichuguu chao chote kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu: amekuuma mmoja, nawe umeteketeza umma unaosabihi. Kwa hiyo tasbihi peke yake siyo iliyotutenga na viumbe wengine. Malaika nao waliitaja tasbihi yao pale walipoambiwa, katika Suratul Baqara aya ya 30, kwamba atawekwa khalifa ardhini, wakauliza vipi atawekwa humo atakayefanya ufisadi na kumwaga damu.

Kilichotutenga ni amana. Suratul Ahzab, aya ya 72, inasema amana hiyo ilipelekwa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikakataa kuibeba na vikaiogopa, mwanadamu akaibeba. Wafasiri wengi wameieleza amana hii kuwa ni taklifu: amri na makatazo, na juu yake thawabu na adhabu. Papa akila samaki wadogo hana dhambi. Mkoko hauwezi kuasi. Wewe unaweza kutii na unaweza kuasi, na kwa sababu hiyo utii wako una uzito ambao utii wa jiwe hauna. Hapo ndipo inapoingia aya ya 56 ya Suratudh Dhaariyaat, kwamba majini na watu hawakuumbwa ila wamwabudu Yeye: ibada yetu ni ya hiari, nayo inaingia mpaka ndani ya dau lako.

Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Abu Said Al-Khudri aliyoipokea Muslim, kwamba dunia ni tamu na ya kijani, na Mwenyezi Mungu amekufanyeni makhalifa humo ili aone mtatendaje. Mfasiri wa Qur'ani Ibn Kathir anaueleza ukhalifa wa ile aya ya Baqara kuwa ni watu kupokezana, kizazi baada ya kizazi. Basi hata bahari unayovua leo ina wenyewe wanaokuja nyuma yako.

Wengi wanateleza kwenye neno hili la kutumikishiwa. Ni kweli Suratul Jaathiya, aya ya 13, inasema vyote vilivyomo mbinguni na ardhini vimetumikishwa kwenu. Lakini ruhusa ya kutumia ina mipaka ya mwenye mali. Hata maji ya ibada yana kiasi: Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, zaidi kidogo ya nusu lita. Aliyewekewa mpaka kwenye udhu hawezi kudai kwamba baharini hana mpaka.

Sasa baruti. Hapa lazima utenganishe hukumu ya samaki na hukumu ya kitendo. Samaki aliyekufa kwa mlipuko nyama yake ni halali, kwa hadithi mashuhuri kwamba maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali. Wenzako wameishikilia hoja hiyo wakaishia hapo. Kitendo chenyewe ni haramu, na sababu zake ziko wazi. Mlipuko unapasua kibofu cha hewa cha samaki, wengi wao wanazama chini na hawaokotwi kabisa. Hao wameuawa bure. Annasai amepokea hadithi ya anayemuua shomoro pasi na haki yake, kwamba ataulizwa, na haki yake ni kumchinja amle, si kumkata kichwa akamtupa. Wapo waliotia shaka katika sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi wake, lakini maana yake inakubaliana na makatazo ya israfu (ubadhirifu) na ufisadi yaliyomo katika Qur'ani. Pili, mlipuko unavunja matumbawe, na matumbawe ndiyo mazalia na maficho ya samaki. Kujirudi kwake kunachukua miaka mingi. Hiyo ni dhara kwa kila mvuvi wa eneo lile, na kanuni ya sheria ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Tatu, mlipuaji anaiweka nafsi yake na mikono yake kwenye maangamizi.

Kokoro lina hukumu inayokaribia hiyo: linakwangua chini, linang'oa majani ya bahari, na macho yake madogo yanazoa watoto wa samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Ama utupa (mmea wa kulevya samaki) na sumu nyingine, hapo hata nyama inaingia kwenye katazo ikiwa inamdhuru mlaji. Na anayenunua kwa mlipuaji huku anajua, anamsaidia katika dhambi.

Kwa upande wako, tia nia kabla hujasukuma chombo: riziki ya halali, matumizi ya watoto, kujizuia na kuombaomba watu. Kwa nia hiyo kazi inaandikwa ibada. Tumia wavu wenye macho yaliyoruhusiwa. Samaki mchanga akiingia, mrudishe upesi angali hai, usisubiri mpaka mmalize kupanga samaki wengine. Kasa akinaswa mwachie. Kauli sahihi katika madhehebu ya Shafi kuhusu kasa ni kuwa haliwi, na nyama yake huenda ikawa na sumu isiyoondoka kwa kupika. Machi 2024 watu 9 walifariki kisiwani Panza, Pemba, kwa kuila. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Na mwenzako akitaka kutubu: aache mara moja, ajute, aazimie kutorudia. Kokoro asimuuzie mtu mwingine, maana atakuwa amehamisha dhambi tu, alikate. Fedha alizokwisha kula kutokana na samaki hao halazimiki kuzitoa, kwa kuwa samaki wenyewe walikuwa halali. Lakini kama mlipuko wake uliharibu dema (mtego wa samaki) au nyavu za mtu, hiyo ni haki ya mja, na toba haikamiliki mpaka amlipe au aombe radhi akasamehewa.

Wallahu aalam.