Kuhamisha Injini na Giaboksi Kati ya Cherokee za Miaka Tofauti: Amua Kwanza Kompyuta Ipi Itatawala

Wenye Jeep Cherokee za umbo la kisanduku, zilizotengenezwa kuanzia 1984 hadi 2001, huambiana kwamba vipuri vya miaka yote vinaingiliana. Kwa upande wa boliti kauli hiyo haiko mbali na ukweli, kwa kuwa injini ya lita 4.0 yenye silinda sita, iliyoanza kufungwa kwenye magari haya mwaka 1987, hukaa vizuri katika gari la 1988 na pia la 1998. Mimi niliichukua kauli hiyo jinsi ilivyo, nikanunua injini, giaboksi ya otomatiki na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) kutoka kwenye gari la 1994 ili nivifunge katika gari langu la 1990. Muuzaji alinikabidhi mzigo ukiwa msafi, umeoshwa hadi unang'aa, lakini waya zote zilikuwa zimekatwa sentimita chache kutoka kwenye plagi zake. Wakati huo sikuona kama hilo ni tatizo.

Kati ya 1990 na 1991 kuna mpaka ambao mtu haoni kwa kufungua boneti na kutazama tu. Magari ya 1987 hadi 1990 yanatumia mfumo wa umeme wa injini uitwao Renix, jina lililoungwa kutokana na Renault na Bendix. Mwaka 1991 mfumo huo uliondolewa, ukaja ule wa Chrysler, na pamoja nao injini yenye nguvu za farasi 190. Silinda hedi ilibadilika, mlango wa kuingiza hewa ukapandishwa juu kidogo, na sensa nyingi zikabadilika umbo, mahali pa kukaa au namna ya kutoa ishara. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kushika spana, ni hili: baada ya kazi kuisha, injini itaendeshwa na kompyuta ya gari lililopokea au ya gari lililotoa? Ukichagua ya gari lililotoa, unahitaji waya zake zote, kompyuta ya injini, kompyuta ya giaboksi na sensa zote. Ukichagua ya gari lililopokea, kila kitu ambacho kompyuta hiyo inakisoma lazima kitoke kwenye injini yako ya zamani na kuhamia kwenye mpya. Njia ya katikati haipo, na mimi niliitafuta kwa wiki tatu.

Kwa kuwa sikuwa na waya za 1994, nilibaki na Renix. Nilirudisha silinda hedi yangu ya 1990 juu ya bloku ya 1994, pamoja na manifoldi, nozeli na distributa yangu. Sensa ya troto nayo nilibaki na yangu, maana kwenye Renix ya otomatiki sensa hiyo ina plagi mbili, moja ikienda kwenye kompyuta ya injini na nyingine kwenye ya giaboksi, na ile ya 1994 haiwezi kuchukua nafasi yake. Niliikagua pia bloku ikiwa bado chini, tundu baada ya tundu, nikihakikisha kwamba kila sensa ya Renix inayofungwa humo ina mahali pake penye uzi wa boliti. Kutoboa na kukata uzi injini ikiwa imening'inia kwenye winchi ni rahisi. Ikishaingia garini ni adhabu.

Kitu kimoja kilinipita. Nyuma ya injini, kati yake na giaboksi, kuna ile sahani nyembamba yenye meno ya stata, ambayo hufanya kazi ya flaiwili kwenye gari la otomatiki. Ilikuja ikiwa imefungwa kwenye injini ya 1994, haina ufa, nikaiacha hapo hapo. Nilipomaliza kila kitu nikapiga stata, injini ikazunguka kwa nguvu nzuri, lakini plagi hazikutoa cheche hata moja. Nilibadilisha koili, nikapima fyuzi, nikasafisha plagi ya kompyuta, nikabadilisha hata sensa ya kranki, hali ikabaki vile vile. Siku mbili baadaye niliweka sahani yangu ya zamani juu ya meza nikaitazama kwa makini: ukingo wake umejaa vijino vidogo vidogo, na mahali pachache kuna jino kubwa na pengo. Kupitia tundu la sensa, sahani ya 1994 ilionyesha kitu kingine kabisa: mapengo yaliyokaa kwa makundi ya manne manne, na katikati ya makundi chuma kitupu. Sensa ya kranki husoma mapengo hayo ndipo kompyuta ijue injini iko wapi. Kompyuta ya Renix ilikuwa inapelekewa maandishi ya lugha isiyoijua, ikanyamaza.

Kurekebisha kosa hilo kulimaanisha kushusha giaboksi tena, na aliyewahi kufanya hivyo kwenye Cherokee anajua maana yake. Boliti mbili za juu kabisa zinazounganisha giaboksi na injini zina kichwa cha nyota cha E12, nazo zimejificha karibu na ukuta wa gari mahali ambapo mkono haufiki. Njia iliyonisaidia ni kuondoa kibebeo cha giaboksi, kuishusha taratibu kwa jeki hadi mkia wake uiname, kisha kuunganisha vipande virefu vya soketi na kuzifikia kutokea nyuma, juu ya transfa. Zisigeuzwe kwa soketi iliyochakaa. Pembe za kichwa zikishaliwa, utakata kwa tindo.

Wakati wa kurudisha, konveta ya giaboksi, ile ngoma ya oili inayopokea nguvu ya injini, isukumwe ndani huku ikizungushwa mpaka uisikie ikishuka hatua zaidi ya moja. Giaboksi inapaswa kugusana na injini kwa kusukumwa na mkono tu. Ukiona nafasi imebaki na ukajaribiwa kuifunga kwa kukaza boliti, simama, kwa sababu unavunja pampu ya oili iliyo ndani.

Kuhusu transfa, ushauri wangu ni mfupi: ichukuliwe pamoja na giaboksi yake, kama mume na mke. Shafti inayotoka kwenye giaboksi za awali ina meno 21, na katika 1991 yakawa 23. Nilitaka kubaki na transfa yangu ya zamani kwa sababu mnyororo wake ulikuwa mzuri zaidi, ikakataa kuingia. Nililazimika kufunga ile ya 1994 na kubadilisha mnyororo.

Kwa upande wa ekseli, miaka si hoja kubwa kama uwiano wa difu, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja. Cherokee nyingi za otomatiki zina 3.55 na nyingi za manyuo zina 3.07, na difu ya mbele ikiwa tofauti na ya nyuma, kuendesha kwa magurudumu manne kwenye lami kavu kutaharibu transfa. Usiamini maneno ya muuzaji. Inua gurudumu moja, lingine likiwa limeshika chini, zungusha lile lililoinuliwa mara mbili kamili, na uhesabu mizunguko ya propela. Mitatu na nusu na kidogo ni 3.55. Hesabu hii ni ya difu ya kawaida isiyo na loki. Anayechukua ekseli ya mbele ya 2000 au 2001 ajue pia kwamba propela inaingia chini zaidi kwenye difu hizo, na anayechukua injini ya miaka hiyo asome namba iliyo kwenye silinda hedi: zenye 0331 zinajulikana kwa kupasuka katikati, kati ya silinda ya tatu na ya nne.

Kilichobaki mwisho kilikuwa spidomita. Gari langu linatumia kebo, na transfa ya 1994 ilikuja na sensa ya umeme, kwa hiyo mshale ulilala kwenye sifuri siku nne. Nilichomoa sensa pamoja na nyumba yake, nikaingiza nyumba ya kebo kutoka kwenye transfa ya zamani katika tundu lile lile, nikafunga kishikio chake kwa boliti moja. Kigiya cha plastiki kilicho ndani yake nilikiacha kile kile, kwa kuwa idadi ya meno yake hufuata difu na ukubwa wa tairi, na vyote viwili sikuwa nimevigusa. Nilipotoka kujaribu, mshale uliinuka taratibu, ukatetemeka kidogo kwenye 40, ukatulia.