Mwenyekiti, usicheke nao

Nimekaa kwenye kamati ya UKIMWI ya kijiji chetu huku Bahi muda wa kutosha, na ninachowaomba viongozi wenzangu ni kuangalia kinachosemwa kwenye vikao vyetu wenyewe. Mtu amekonda kidogo, sauti inatoka nyuma: "Huyo kakanyaga miwaya," yaani kaambukizwa VVU. Watu wanaangua kicheko, na mwenyekiti naye anacheka. Kwenye mkutano huohuo yupo aliyekuwa anajipanga kwenda kupima. Haendi tena. Neno hilo likitoka, likemee palepale, watu wote wasikie. Usisubiri Desemba Mosi, Siku ya UKIMWI Duniani.

Namfahamu mama aliyekuwa anajaza pamba kwenye kopo la dawa zake za VVU ili vidonge visilie akipanda basi. Dawa ni bure na kituo kipo karibu, ila yeye alikuwa anakwenda kuchukulia Dodoma mjini asionwe na majirani. Nauli ikikosekana, dozi inakatika. Dozi ikikatika mara kwa mara virusi vinapanda, na mwisho dawa zenyewe zinaweza kugoma. Yule mama hakushindwa na vidonge, alishindwa na midomo yetu.

Mwaka 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani kuzindua kampeni ya taifa. Kijijini hilo linawezekana kabisa. Siku wahudumu wanapokuja kupima, mwenyekiti, shehe na mchungaji watangulie kwenye foleni. Wanaume ndio wagumu: mke akipimwa kliniki ya wajawazito, mume anajihesabu naye kapima, wakati mmoja anaweza kuwa na VVU na mwenzake asiwe navyo.

Ila ukishapima, majibu ni yako, na ya mwenzako usiyaulize. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima na kutoa siri ya majibu yake. Nawasihi na wachungaji wanaodai cheti cha kipimo kabla ya ndoa: wahimizeni wachumba wapime pamoja, karatasi ibaki mikononi mwao.

Na mseme habari njema bila kunong'ona, kwa Kigogo pia ili wazee wapate. Tangu 2016 anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Akizimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hilo moja tu, likitoka kinywani mwa kiongozi anayeheshimika, limewarudisha watu kwenye dawa nikiona.

Kuna jambo jingine dogo ambalo viongozi wengi hawalifikirii. Mvua zikikaribia, watu wetu wengi wanahamia mashambani, wengine mpaka Kiteto, mkoani Manyara. Nenda mapema kwa mganga mfawidhi, bila kutaja jina la mtu yeyote, mwombe wanaoendelea vizuri wapewe dawa za miezi mitatu au sita kabla hawajaondoka.